Upande Mmoja Tu Ndio Unaovuta

Hadi leo nikisikia watu wakivuta kitu huku wakiitikia harambee, iwe ni gari limezama mchangani au jenereta ya kanisa inapandishwa ngazi, shingo yangu inakaza. Majirani wanasema tangu nirudi kutoka Uarabuni nimejifanya mzungu, sipendi hata watu kuimba. Waseme. Wao hawakuwapo kwenye yadi yangu Magongo siku ile. Na waliokuwapo, kila mmoja ana hadithi yake ambayo ndani yake yeye ndiye aliyekuwa na akili. Hii ni yangu, na mimi ndimi niliyekuwa na akili.

Nianze na mimi mwenyewe, maana bila mimi hakuna yadi wala kamba. Nimezaliwa Mikindani. Diploma yangu ya ufundi mitambo nilijisomesha mwenyewe, mchana darasani, jioni nikibeba magunia kwenye maghala ya Changamwe, na mtihani wa mwisho niliufanya mabega yakiwa yamechubuka. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa mkuu wa genge la mahamali bandarini. Nilipomwendea anitafutie kazi aliniambia nisubiri zamu yangu. Bado nangoja. Nikaenda Uarabuni kama muosha madirisha ya maghorofa, nikining'inia kwa kamba kama ndizi, nikarudi nikiwa msimamizi wa mafundi wa kamba kwenye mitambo ya mafuta katikati ya bahari. Cheti nilicho nacho ni cha daraja la mwisho juu. Kama kuna mwingine mwenye nacho upande huu wa bara ya Mombasa, hajajitokeza tukasalimiana.

Nilirudi na kamba, makapi ya kupitishia kamba, helmeti na hasira. Kule baharini nilikuwa nikiwaona Wafilipino, Wahindi, Wanepali wanapanda, na kila nilipouliza kwa nini hakuna watu wa kwetu, niliambiwa watu wa kwetu hawaaminiki juu. Nikikaa kwenye kitanda changu cha chuma nilijiambia nitawaonyesha. Nikakodi yadi iliyokuwa ya kuegesha matrela, nikasimamisha nguzo mbili za chuma ndefu, nikazichomelea mwenyewe, nikatangaza mafunzo. Wakaja vijana: mmoja alikuwa utingo, mwingine mpaka rangi, wengine wana wa mahamali, na binti mmoja kutoka Utange aliyekuwa akiwabebea waashi kokoto. Walidhani watafundishwa kupanda. Kupanda si kitu, hata komba anapanda. Nilichotaka kuwafundisha ni kuvusha mzigo.

Kuvusha mzigo ni hivi. Kuna kitu kizito hapa, nacho kinatakiwa pale, na katikati chini yake kuna mabomba ambayo hayaguswi, wala hakuna nafasi ya kreni kuingia. Basi mzigo unaning'inizwa kwa kamba mbili, moja imefungwa nguzo ya kushoto, nyingine nguzo ya kulia, na kila kamba ina breki yake na watu wake. Mzigo ukiwa chini ya nguzo ya kushoto, kamba ya kushoto ndiyo iliyoubeba. Sasa wa kulia wanavuta taratibu na wa kushoto wanalegeza taratibu, na mzigo unatembea hewani kwenda kando, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayepita ukumbini na sinia la chai. Ajabu yake yote iko hapo: upande mmoja unavuta, upande wa pili unakubali kuachia. Wote wakivuta kwa pamoja mzigo hauendi popote. Kamba zinanyooka, na kadiri zinavyonyooka ndivyo nguzo zinavyobeba nguvu kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe, mara mbili, mara tatu, mpaka kitu kikatike.

Hilo niliwaambia kila siku asubuhi. Walikuwa wakinijibu kabla sijamaliza. "Upande mmoja tu, mwalimu."

Kulikuwa na kiwanda kimoja, si mbali na barabara kuu, chenye matangi marefu, na juu ya matangi feni kubwa zilizotakiwa kubadilishwa. Kazi hiyo miaka yote ilifanywa na watu walioletwa kwa ndege. Nilimfuata injinia wa kiwanda mpaka akachoka na uso wangu. Akakubali kuja kutazama, mara moja. Vijana wangu wakivusha mzigo sawasawa mbele yake, kazi ni yao. Wakishindwa, ndege italeta watu kama kawaida. Sikuwaficha vijana jambo hili. Cheti bila kazi ya kwanza ni karatasi, na kazi ya kwanza ilikuwa ile. Yule mpaka rangi alikuwa ameshamwambia baba wa mchumba wake kwamba ameajiriwa. Binti wa Utange hakumwambia mtu, lakini alikuwa amenunua buti.

Sasa mjomba. Alikuwa amestaafu, anakaa Mikindani, na kila aliyekutana naye dukani alimwambia kwamba mimi ni kazi ya mikono yake. "Yule mpwa wangu wa kamba nimemfunza mimi. Kuvuta ni jambo la ukoo." Nilikuwa nikisikia, nikimeza. Siku ya injinia kuja, mama aliniomba nimwalike. Akasema mjomba hawezi kuachwa nje kwenye jambo kubwa kama lile, watu watasemaje. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Hata ukioa bila yeye kutia neno, ndoa inatazamwa kwa jicho la pembeni. Nikamwalika.

Alikuja amevaa koti lake la kazi la bandarini, limepigwa pasi. "Shikamoo mjomba," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Wageni wanakaa wapi?" Nilikuwa nimepanga viti vya plastiki nyuma ya utepe, mbali na nguzo, juani. Nikaenda kukagua mafundo. Kurudi, mjomba ameshavihamisha viti vyote mbele ya utepe, kwenye kivuli cha kontena.

"Mjomba, hapo hapakaliwi."

"Mgeni anakalishwa juani? Nani amekulea wewe?"

Wakati huo huo gari la injinia likaingia, naye akashuka na wenzake wawili, wakaenda moja kwa moja kivulini na kukaa. Ningefanya nini? Ningewainua wageni kama watoto wa shule? Nikapima kwa macho, nikaona mzigo ukitembea kama unavyotakiwa hautafika kwao. Na ungetembea kama unavyotakiwa, wallahi, kama si yeye.

Mzigo ulikuwa pipa limejazwa maji. Kushoto alisimamia yule utingo na wenzake, kulia binti wa Utange na wenzake. Mimi nilisimama katikati, nikitoa amri.

"Kulia, vuta. Kushoto, legeza."

Pipa likaondoka. Nawaambia, lilikuwa zuri kutazama. Liliteleza hewani kimya, maji ndani hayakucheza hata kidogo. Nilimtazama injinia kwa pembe ya jicho nikaona ameacha simu yake. Pipa lilipofika katikati nikasema, "Simama." Hapo ndipo unaposimama makusudi. Kamba mbili zinagawana uzito sawa, unakagua nanga, yaani pale kamba zilipofungwa kwenye nguzo, unakagua breki, ndipo unaendelea. Vijana wakatulia. Yadi ikawa kimya, unasikia matrela tu barabarani.

Mjomba akadhani tumekwama.

Sijui alichokiona. Labda aliona vijana wa kwao wamesimama na kamba mikononi, mzigo hauondoki, na wageni wanatazama. Kwa miaka yote aliyokuwa bandarini, mzigo ukisimama ilikuwa ni aibu ya mkuu wa genge, na dawa yake ilikuwa moja. Akainuka kwenye kiti. Akatupa mkono juu. Sauti ile ilikuwa imewainua mahamali mia kutoka usingizini.

"Haraaaambee!"

Na vijana wangu, vijana niliowapa miezi ya maisha yangu, niliowanywesha uji wangu, waliokuwa wakinijibu kila asubuhi upande mmoja tu mwalimu, wakaitikia.

"Eeeeh!"

Na mikono ikavuta. Kushoto ikavuta, kulia ikavuta.

"Simama!" nikapiga kelele. "Acheni!"

"Haraaaambee!" Sauti yake iliimeza yangu. Wale wageni wa injinia nao wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Eeeeh!"

Pipa likapanda badala ya kwenda. Kamba zikanyooka, zikaanza kulia, mlio mwembamba kama wa mbu. Nikaona nguzo ya kushoto inapinda kichwa. Mtu mmoja tu alikuwa ameachia: binti wa Utange alikuwa ameinua mikono miwili, viganja wazi, kama nilivyowafundisha mtu afanye anapoona hatari. Lakini wenzake nyuma yake walikuwa wanavuta, macho wameyafumba, jasho linawatoka, wana furaha.

Mkanda wa nanga ukakatika. Ulilia kama tairi la trela linapopasuka. Lakini mimi sifungi nanga moja. Sijawahi, na aliyenifundisha kazi hakuwahi. Ile nanga ya akiba ikashika. Pipa likaanguka kimo cha mkono, likapiga bembea moja kubwa kuelekea kwenye kontena, kifuniko kikafunguka, na maji yote yakamwagikia injinia mapajani.

Hakuna aliyeumia. Ningependa jambo hilo lisisahaulike. Lakini kama viti vingesogezwa hatua moja zaidi kufuata kivuli, ningekuwa naandika mambo mengine, au nisingekuwa naandika.

Mjomba bado alikuwa amesimama na mkono juu, kinywa wazi, anajiandaa kuita tena.

"Nyamaza!" nikamwambia. "Nyamaza wewe!"

Yadi nzima ilisikia. Si nyamaza iliyowashtua. Ni ile *wewe*. Mtu akimwambia mjomba wake wewe mbele ya wageni, kwetu ni kama kumvua koti. Mjomba akashusha mkono. Akatazama pipa, akanitazama mimi, akatoka kwenye geti bila kuaga.

Injinia alikuwa akijipangusa na leso. "Vijana wako wana nguvu," akasema. "Nguvu sio shida. Lakini wakisikia kelele akili inatoka. Mimi siwezi kuweka watu kama hao juu ya mabomba yangu." Kisha akacheka, na wenzake wakacheka. Kucheka huko ndiko ambako sikukusamehe. Angefoka ningemwelewa. Alicheka kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua tangu zamani.

Walipoondoka niliwageukia vijana. Sitaandika niliyowaambia. Mpaka rangi alilia. Utingo, ambaye ni mtu wa bara na mdomo haumtulii, akasema, "Mwalimu, si sisi, ni mikono. Mzee akiita hivo mkono unaenda tu, mimi mwenyewe nilikuwa nashangaa." Nikamwambia mkono usio na kichwa ukatwe. Binti wa Utange akasema polepole, "Mimi nimezaliwa nikisikia hiyo, mwalimu. Baba alikuwa kwenye genge. Nilivuta ya kwanza. Ya pili ndiyo niliachia."

Jioni simu zikaanza. Mke wa mjomba: "Umemwita mjomba wako wewe? Mbele ya watu wenye suti?" Nikamwambia mbele ya watu waliolowa suti. Akakata. Jumapili baada ya kanisa wakaniita Mikindani, wakakaa ndugu wote sebuleni, mjomba kwenye kiti kikubwa akitazama ukuta. Nikaambiwa niombe radhi, chai inywewe, yaishe. Nikasema alihamisha viti vyangu, akatoa amri kwenye kazi yangu, nusura aue watu, amewanyima vijana mkate, nami ndiye wa kuomba radhi? Mama akasema, "Mwanangu, ni neno moja tu." Nikasema hata mjomba alisema neno moja tu. Nikainuka. "Anayetaka kujua kosa lake aje yadi nimwonyeshe."

Nilidhani hatakuja. Alikuja siku ya pili, na koti lake.

Hakunisalimu, sikumwamkia. Nilichukua mtungi wa maji wa plastiki, ule wa manjano wa kila nyumba, nikaufunga katikati ya kamba. Ncha moja nikampa yeye, nyingine nikampa utingo, ambaye ana kifua kama mlango wa kontena.

"Vuteni mpaka kamba inyooke," nikasema. "Mtungi ukae sawa na mikono yenu. Mtungi mmoja wa maji, mjomba. Wanawake wanaubeba kichwani."

Wakavuta. Mtungi ukapanda, ukapanda, ukabaki ukining'inia chini kidogo ya mikono yao. "Ongeza," mjomba akamwambia utingo. Wakaongeza. Mishipa ya shingo ikamsimama. Kamba ilikaribia kunyooka lakini haikunyooka. Mjomba akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, visigino vikachimba mchanga, na mtungi ule wa manjano haukupanda hata upana wa kidole.

"Ita harambee," nikamwambia.

Alinitazama vibaya sana. Akaita, kwa hasira. "Haraambee!" Utingo akaitikia, wakavuta, na mjomba akaburuzwa mbele hatua mbili, karibu aanguke.

Aliitupa kamba chini. Alihema muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa pipa zima." Akaenda kwenye nguzo ya kushoto, akaishika pale ilipopinda, akaipapasa kama mtu anayepapasa goti la mtoto aliyeanguka. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Akasema tu, "Hao vijana wako watasikia sauti ya nani mwingine? Huko kiwandani wapakiaji wanaimba kutwa nzima."

Hapo alisema kweli, na iliniudhi kwamba ni yeye aliyeisema.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi. Alikaa nyuma ya utepe, juani, kwenye kiti cha plastiki, na kazi yake ilikuwa kuwaharibia. Pipa likifika katikati anaanza. Aliita harambee kwa sauti nene, akaita kwa sauti ya mtoto, akaita akipiga bati. Wakikosea anawatukana. "We mpaka rangi, mchumba wako atakuacha kwa mikono hiyo!" Siku za mwanzo mikono ilikuwa inawaruka. Vidole vilikuwa vinafumba vyenyewe. Niliwafunga kitambaa mkononi wakumbuke, niliwakimbiza kuzunguka yadi, niliwafokea mpaka sauti yangu ikawa ya chura. Taratibu kitu kikatulia ndani yao. Binti wa Utange akawa wa kwanza kutotikisika kabisa, nikampa yeye kutoa amri.

Nikarudi kiwandani. Askari wa getini akasema injinia ana mkutano. Nikakaa kwenye benchi lao mpaka mkutano ukaisha, na mwingine ukaisha.

"Bwana, tulishamalizana," injinia akasema.

"Ulisema wakisikia kelele akili inatoka. Njoo upige kelele mwenyewe. Leta na watu wako."

Alicheka tena. Lakini alikuja, na alikuja na wapakiaji wa kiwanda kwenye lori, wamejaa nyuma, kwa sababu alitaka kuona mwisho wangu.

Safari hii wote walikaa juani. Pipa liliondoka kushoto. Lilipofika katikati binti akasema, "Simama," na injinia, si mjomba, injinia mwenyewe, akawaashiria wapakiaji. Lori zima likalipuka.

"Haraaaambee!"

Mjomba hakuweza kujizuia, naye akainuka akaongoza. Sijawahi kusikia sauti kubwa namna ile Magongo. Watu walitoka kwenye gereji za jirani kutazama. Waliita na kuitikiana, wakapiga mabodi ya lori kwa viganja.

Mimi niliitazama mikono. Mpaka rangi alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, anasema kitu peke yake. Utingo alikuwa anatabasamu kwa shida. Mikono yote ilikaa kwenye kamba kama mikono ya watu wanaosubiri chakula. Haikuvuta.

Binti wa Utange alikagua nanga ya kushoto. Akakagua nanga ya kulia. Akakagua breki. Hakuharakisha, na wapakiaji walianza kuishiwa pumzi kabla yake. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kushoto, legeza. Kulia, vuta."

Pipa likatembea, likatua kwenye alama ya chokaa.

Injinia akainuka. "Jumatatu wawe getini saa moja," akasema. "Lakini nitaweka msimamizi kutoka nje, kwa ajili ya usalama."

Hasira ikanipanda upya, ile ile ya kitanda cha chuma. Msimamizi! Mimi niliyesimamia mitambo yenye mafuta na moto chini! "Mlete," nikamwambia. "Lakini mwambie akifika hapo anisalimu kwanza, maana mimi ndiye nitakayemkagua nanga." Hakucheka.

Walipoondoka mjomba alikuja akiburuta kiti, sauti yote imemwishia, anaongea kwa kunong'ona kama mgonjwa.

"Watoto wa siku hizi hawana adabu," akasema. "Nimewaita mpaka koo limekauka, hata mmoja hajaitika."

"Shikamoo mjomba," nikamwambia. Nilikuwa sijamwamkia tangu siku ile ya kwanza.

"Marahaba." Akaketi. "Na mimi viti ningevihamisha tena. Jua kali sana hapa."